Mkono wa Supu na Maziwa ya Ga-on

Jumatatu, 4 Novemba

Ukungu mzito tangu alfajiri. Kutoka dirishani mwa basi mto haukuonekana kabisa. Daraja lilielea peke yake kama meza iliyosahaulika. Nimefika Gwangju nikiwa na supu ya mifupa iliyogandishwa, mapeasi ya kwetu Naju na mfuko wa shayiri ya kukaanga. Mapeasi juu. Shayiri chini kabisa, chini ya soksi. Ni sehemu ya mpango.

Niandike hali ilivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Mke wa mwanangu anarudi kazini Jumatatu ijayo. Jina lake Yun-seul, ila tangu ajifungue hakuna anayelitumia. Ni Mama Ga-on kwa watu wote. Mtoto lazima abaki na mtu. Watu ni wawili: mimi, mama wa baba, au Mkwe Guk, mama wa mama, ambaye anakaa jengo la pili ng'ambo ya maegesho ya magari. Wiki hii tunasaidia sote wawili. Jumamosi, kwenye sherehe ya siku mia ya mtoto, Mama Ga-on atasema nani.

Akimchagua Guk, narudi Naju. Mkahawa wangu wa supu nimeufunga. Sufuria kubwa nimeligeuza kifudifudi. Nyumbani saa ya ukutani inagonga na hakuna wa kumwambia kwamba imegonga.

Kwa hiyo nisishindwe.

Jioni Mama Ga-on alinifundisha kutengeneza maziwa ya kopo. Mimi, niliyelisha mji mzima tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikasikiliza kwa adabu. Mikono kwanza, kwa sabuni. Chupa na chuchu zake zichemshwe. Maji yachemke, yapumzike kidogo, lakini yasishuke chini ya nyuzi sabini, kwa sababu unga wa kopo wenyewe unaweza kuwa na vijidudu na ni maji ya moto ndiyo yanayowaua. Maji kwanza, unga baadaye. Kijiko cha kopo kisawazishwe kwa kisu bila kushindilia. Kisha chupa ipozwe chini ya bomba mpaka iwe vuguvugu, ipimwe, mtoto anywe. Kinachobaki kinamwagwa. Nikauliza, hata akibakiza nusu? Hata akibakiza nusu, Mama. Nikauliza kama hata paka wa jirani hapewi. Akasema maziwa ya mtoto hayana akiba.

Neno hilo sikulipenda. Mkahawa wangu ulisimama juu ya akiba. Supu ya leo huanza na supu ya jana.

Kazi yake ni kupima maji ya jiji katika maabara. Nadhani akiona mto huona ugonjwa tu. Lakini ana haki ya kuwa na wasiwasi. Maziwa yake yalikauka mapema. Nilimpikia supu ya mwani kwa ndoo, hayakurudi. Hatulizungumzi.

Chakula cha jioni, supu yangu. Niliinywa ikiwa bado inatokota nikasema, kama tusemavyo watu wa rika langu kitu cha moto kinapoburudisha kifua, "Aa, baridi tamu." Mwanangu Tae-wan akaweka kijiko chini. Akaniomba neno hilo nisilifundishe mtoto. Anadai alipokuwa mdogo nilikaa ndani ya bwawa la moto katika bafu la umma, nikafumba macho, nikasema baridi tamu, naye akaniamini akarukia. Anadai alitoka mwekundu kama pilipili. Mke wake alicheka mpaka akafuta macho. Wanaume husahau mema ya mama zao, lakini bwawa moja la maji hawalisahau.

Kesho: shayiri.

Jumanne, 5 Novemba

Jua, upepo. Majani ya njano yamefunika maegesho. Mlinzi anafagia, upepo unarudisha.

Mpango wa kwanza. Maji matupu hupewa mgeni usiyetaka arudi. Tae-wan nilimkuza kwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya shayiri, kama wanawake wote wa soko letu, na leo mabega yake yanahitaji lifti ya peke yao. Nia yangu: Ga-on anywe, alale usingizi mzito, nyumba nzima iulize maziwa ya bibi yana nini. Nami nikae kimya, nitabasamu.

Mama Ga-on alipoingia kuoga nikatia konzi ya shayiri kwenye birika la umeme.

Birika ni la kioo. Hilo sikulifikiria.

Akatoka na taulo kichwani, akasimama. Maji yalikuwa na rangi ya mchuzi na shayiri zilikuwa zinacheza ndani. Akauliza ni nini. Nikasema huenda ni mabomba ya jiji. Nilikuwa nimesahau kazi yake. Akachukua glasi, akayatazama maji kwenye mwanga wa dirisha, akanusa. Akasema mabomba ya Gwangju ameyafahamu miaka mingi na hayajawahi kutoa shayiri iliyokaangwa vizuri hivi.

Kisha akanieleza bila kupandisha sauti. Tumbo la mtoto wa umri huu halijawa tayari kwa nafaka. Inaweza kumletea vipele au mbaya zaidi. Maziwa ya kopo yamepimwa kwa maji na si kwa kitu kingine. Nikasema Tae-wan alikunywa. Akasema na bwawa la moto pia aliliingia, Mama.

Mfuko wa shayiri akaukunja vizuri akanirudishia kwa mikono miwili. Kwa heshima. Ningependelea angenipigia kelele.

Birika likahitaji kusuguliwa, mtoto akaanza kulia kwa njaa, akaitwa Mkwe Guk. Akaja na chupa yake ya chai yenye maji yaliyochemka na aproni yake yenye mfuko kifuani. Ndani ya mfuko, kipimajoto cheupe. Alikuwa mtaalamu wa lishe katika shule ya msingi, na hachomoi kipimajoto kile, hukitangaza. Akapima maji. Akakoroga. Akapoza. Akapima maziwa. Mtoto analia, yeye anasoma namba.

Lakini Ga-on akakataa chupa. Guk humbeba mtoto kama sinia la watu wengine. Nikamwomba kwa adabu anipishe. Nikamlaza kwenye mkono wangu, nikamwimbia wimbo pekee ninaoujua mpaka mwisho, yaani maagizo ya mkahawani, polepole: mbili kubwa, meza ya dirishani, moja bila kitunguu, mzee wa pembeni aongezewe mchuzi. Ga-on akaishika chuchu, akanywa yote, akalala na tone shavuni.

Guk akaitazama chupa tupu. Akasema, "Mkwe wangu, nadhani mtoto amemaliza haraka ili ampishe mteja mwingine."

Nikamshukuru. Kati ya wakwe, tusi hushukuriwa.

Jumatano, 6 Novemba

Umande umeganda kwenye magari. Vidole vinauma.

Nimetafakari udhaifu wa adui. Ni polepole. Anapopima, mtoto analia. Mtoto akilia, mama yake anasononeka. Mtu mwenye chupa tayari ndiye atakayeshinda. Mkahawani hatukuanza kuchemsha mifupa mteja akishakaa.

Mpango wa pili. Nikaamka kabla yao. Nikatengeneza chupa za siku nzima, kwa kanuni zote, sabuni, nyuzi sabini, kisu. Hapo hakuna wa kunilaumu. Shida ilikuwa mahali pa kuzificha. Friji ya kawaida hufunguliwa na kila mtu. Basi nikazitia kwenye friji ya kimchi, ile ya kabichi na figili zilizochachushwa kwa viungo, chini ya boksi la figili, mahali ambapo Tae-wan peke yake hupekua, na yeye hutafuta figili.

Kimsingi wazo lilikuwa zuri. Mama Ga-on mwenyewe alikiri baadaye kwamba chupa zikipozwa haraka na kuwekwa nyuma kabisa ya friji ya kawaida, zinakaa hadi kesho yake bila madhara. Kimsingi nilikuwa sahihi. Naandika hili ili libaki.

Lakini friji ya kimchi imetengenezwa kwa ajili ya kabichi, na kabichi hupenda baridi inayokaribia barafu. Mtoto alipolia nikatoa chupa kwa madaha mbele yao wote. Nikaitikisa. Ikalia kama njuga. Barafu. Nikasema itayeyuka sasa hivi, nikaifungulia maikrowevu. Mama Ga-on akafika mlangoni mwa maikrowevu kabla yangu. Sijui mwanamke aliyejifungua juzi anapata wapi mbio zile. Akasema mle ndani maziwa hupata moto kwa mafungu: chupa nje baridi, katikati inaunguza ulimi. Chupa ipashwe ndani ya bakuli la maji ya moto, polepole.

Ikapashwa. Polepole. Mtoto akalia muda mrefu kuliko siku yoyote ya Guk.

Na alipopewa akanusa chuchu, akakunja uso kama mzee aliyedhulumiwa. Guk akaichukua, akainusa naye. Kitunguu saumu. Akasema, "Hongera, mkwe. Wajukuu wengine huanza kimchi wakiwa na meno."

Chupa zote zikamwagwa. Chuchu zikachemshwa mara mbili, zikatupwa.

Alasiri nilikaa na mtoto dirishani nikamwimbia maagizo. Aliutazama mdomo wangu muda wote. Kuna wateja waliokula chumvi yangu miaka na hawakuwahi kunitazama hivyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua ya baridi. Mabomba ya joto chini ya sakafu yamewashwa tangu asubuhi.

Ni sakafu iliyonipa mpango wa tatu. Tatizo la jana lilikuwa baridi. Dawa ya baridi iko chini ya miguu yetu.

Mama yangu aliweka bakuli la wali la baba, lenye kifuniko, mahali penye moto zaidi sakafuni, akalifunika blanketi. Baba akichelewa, alikuta wali wa moto. Nami nilimwekea mume wangu, Baba Tae-wan, hivyo hivyo maisha yetu yote, kwa sababu lori halina saa. Hata siku ile. Asubuhi walipokuja kuniambia kuhusu ajali ya barabara ya Jangseong, nilienda kukunja matandiko, nikaligusa lile bakuli. Lilikuwa bado la moto.

Kwa hiyo najua blanketi linafanya kazi.

Nilikoroga chupa moja asubuhi, nikaifunga, nikaizungushia taulo, nikaiweka chumbani kwangu pale penye moto, chini ya blanketi. Ingefika mchana ikiwa vuguvugu sawasawa. Bila bakuli, bila bomba, bila kipimajoto. Mtoto akifungua mdomo tu, chupa ingekuwa pale.

Saa tano Mkwe Guk akaja akiwa amelowa. Nikiwa jikoni, Tae-wan akamkaribisha akapashe miguu chumbani kwangu. Niliposikia, nilikimbia na kipande cha figili mkononi. Nikamkuta amekaa kwenye blanketi. Ameketi juu ya mpango wangu. Alikuwa ameishika chupa kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyekuta kifaranga.

Nikangoja apaze sauti. Nilijua Mama Ga-on yuko chumba cha pili na ukuta ni mwembamba.

Guk akaniuliza kwa sauti ya chini ilikuwa pale tangu lini. Nikasema tangu asubuhi. Akasema joto la hivi, vuguvugu, ndilo vijidudu wanalolipenda kuliko lote. Shuleni aliwahi kuona darasa zima la watoto wakitapika kwa sababu ya uji uliofunikwa kwa upendo. Alisema hivyo hivyo: uliofunikwa kwa upendo. Wali ni wa mtu mzima, mkwe. Huyu bado hana silaha.

Kisha akasema mama yake naye alikuwa akimwekea baba yake. Akasema pale kwao yeye alikuwa anaruhusiwa kuingiza miguu pembeni mwa bakuli, mradi asilipige teke.

Akainuka, akaenda bafuni, nikasikia maji. Akarudi na chupa tupu iliyooshwa. Hakumwambia mtu.

Nimewaza mchana kutwa. Kwa nini hakusema? Angesema, ningekuwa kwenye basi la jioni. Jibu ni moja tu: anataka nijisikie mdogo. Mwanamke mjanja sana. Lazima nichukue hatua kali.

Ijumaa, 8 Novemba

Kumekucha kweupe. Milima inaonekana mpaka mikunjo yake.

Hatua kali. Guk bila kipimajoto ni nani? Mwanamke mwenye aproni. Kipimajoto kikikosekana, nyumba itarudi kwenye njia ya wahenga: tone la maziwa kwenye kifundo cha mkono. Na kwa mambo ya moto, nani mwenye mkono kama wangu? Nilikuwa naingiza vidole kwenye bakuli linalofuka kupanga nyama vizuri. Wateja walishangilia.

Asubuhi aproni ilikuwa imetundikwa. Kipimajoto kikahamia kwenye mfuko wangu wa shayiri. Hakuna atakayefungua shayiri baada ya aibu ya Jumanne.

Mtoto akalia. Guk akatia mkono mfukoni, akautoa. Akatia tena. Sikufurahia, niliona tu. Wakatafuta kwenye droo, chini ya kochi, hata kwenye mkoba wa nepi. Guk alikuwa amekuja na maji yake ya moto. Nikakoroga mimi, nikaipitisha chupa chini ya bomba, nikadondosha tone kwenye kifundo. Mama Ga-on akauliza imekuwaje. Nikasema kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake:

"Baridi tamu."

Alikuwa amechoka. Alilisikia neno kama lilivyo, baridi. Akaipokea chupa, akamlaza mtoto, akaileta chuchu karibu na mdomo. Ga-on akafungua mdomo. Ana tabia ya kuinua kidevu, kama ndege.

Tone likatangulia, likaangukia mkono wa mama yake.

Hakupiga kelele. Aliurudisha mkono haraka tu, na chupa ikaenda sakafuni. Akamkumbatia mtoto akamgeuzia ukutani, kama kuna mtu anataka kumpora. Kwenye mkono wake palikuwa na doa jekundu, dogo, la ukubwa wa punje ya maharage. Nilifikiria mdomo wa Ga-on, ukubwa wake. Doa lile lingeuenea.

 Tae-wan aliokota chupa, akaishika, akaibadilisha mkono. Akanitazama. Nilimwona ana umri wa miaka mitano, amesimama pembeni mwa bwawa.

Mtoto akapewa chupa nyingine na Guk. Aliilaza shavuni mwake, kisha kwenye kifundo, kisha tena shavuni, akamwomba na Mama Ga-on apime. Polepole sana.

Baadaye Mama Ga-on akaja akakaa karibu nami. Akauchukua mkono wangu akaugeuza. Ngozi ya kifundo inang'aa, haina vinyweleo. Miaka ya mvuke. Akaniomba nifumbe macho. Akaniwekea kitu cha kwanza, kisha cha pili, akauliza kipi cha moto. Nikasema cha pili. Nilifumbua macho. Cha pili kilikuwa kijiko kutoka kwenye friji.

 Akaleta mafuta akanipaka kwenye kifundo, taratibu, akizungusha. Alinishika mkono muda mrefu. Hakuna aliyenishika mkono hivyo tangu Baba Tae-wan.

Nimefungasha begi. Nimelichunguza jambo hili pande zote na kosa kubwa naliona ni la kipimajoto, kwa kutokuwepo.

Jumamosi, 9 Novemba

Anga safi, baridi kavu. Siku njema kwa sherehe. Ga-on ametimiza siku mia.

Keki nyeupe za mchele zimefika bado zinafuka mvuke. Shangazi zake Tae-wan wawili wamekuja kutoka Naju, na jirani wa ghorofa ya chini. Mtoto amevishwa mavazi ya rangi na kofia iliyomfunika jicho moja. Begi langu niliweka nyuma ya mlango, ili nikiambiwa niondoke niwe mwepesi.

Nilikuwa nimepanga kurudisha kipimajoto kimyakimya wakati wa picha. Kisha Mkwe Guk akasimama mbele ya wageni, akainama kidogo, akatangaza kwamba shayiri ya Naju haina mfano na kwamba, kwa heshima ya mkwe wake, chai ya leo itakuwa ya shayiri hiyo.

Nikasema shayiri imeingia unyevu. Akauchukua mfuko, akanusa, akasema haina neno. Nikasema wageni wanapenda peasi zaidi. Shangazi mkubwa akasema, "We naye, hata chai unatunyima? Tumetoka mbali." Nikaufuata mfuko kama mbuzi anavyofuata majani. Ukamiminwa wote, wu, kwenye sufuria lililokuwa linachemka.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Nilianza kuamini katika rehema.

Kisha sufuria likaanza kulia. Pi, pi, pi. Wageni wakageuka. Pi, pi, pi. Kumbe kifaa kile hupiga kelele maji yakizidi moto. Jirani akauliza kama ni simu. Tae-wan akaingiza upawa, akainua. Kilitoka kikiwa kimegandwa na shayiri, kikalia mara moja ya mwisho, kikafa.

Tae-wan akasema, "Basi angalau chai ya Mama imepimwa."

Shangazi mdogo akauliza kimefikaje mle. Nikafungua mdomo bila kujua nitatoa nini. Guk akasema huenda kilimtoka yeye mfukoni alipoinama. Uzee, akasema, vitu vinadondoka ovyo. Wakacheka, wakamhurumia, wakarudi kwenye keki.

Jikoni, chai ikimwagwa, alisimama karibu nami akisuuza upawa. Bila kunitazama akasema, "Mkwe, mfuko wangu una kifungo."

Nikasema nimekiona. Akasema basi sawa.

Wageni walipoondoka Mama Ga-on akatuita sote wawili. Nikalitazama begi. Alianza kwa kumwambia mama yake: ukikaa na mtoto peke yako atakula kwa wakati, atakuwa salama, na hatasikia sauti ya mtu mpaka nirudi. Guk hakubisha. Kisha akanigeukia. Wewe Mama ukikaa naye peke yako, nitakuwa kazini napima maji huku naitazama simu. Nami sikubisha. Nilikuwa naangalia lile doa. Limebaki la hudhurungi.

Akasema hawezi kuchagua nusu ya mtu. Kwa hiyo Guk atatengeneza maziwa. Atachemsha, atapima, atapoza, kila mara, yeye na si mwingine. Mimi nitamshika mtoto na kumnywesha, kwa sababu kwangu hamalizi chupa tu, humaliza na kilio. Chumba kile chenye sakafu ya moto ni changu. Ila birika nisiliguse. Wala maikrowevu. Wala friji ya kimchi, isipokuwa kwa kimchi.

Tae-wan akauliza na neno lile je. Mke wake akasema ndiyo, na neno lile. Ndani ya nyumba hii chenye moto kitaitwa moto.

Nikakubali. Nilisema nakubali kwa ajili ya amani. Kisha nikaenda kufungua begi, na ilinibidi nikae kitandani kwanza, maana zipu sikuiona vizuri.

Jumapili, 10 Novemba

Mawingu, hakuna upepo. Mlinzi amefanikiwa kufagia.

Siku ya utulivu. Guk ametengeneza, mimi nimenywesha. Tumeanza kufahamiana mwendo: nikifika kwenye "mzee wa pembeni aongezewe mchuzi" yeye huwa ameshaanza kuosha chupa. Leo Ga-on aliachia chuchu katikati, akanitazama, akacheka. Mara ya kwanza. Guk akasema ni gesi. Lakini alikuja kutazama.

Alasiri nilikwenda duka la dawa nikanunua kipimajoto kipya, kama cha Guk, chenye kelele. Nitampa kesho asubuhi, Mama Ga-on akitoka kwenda kazini. Nitakitoa kwa mikono miwili. Nimejifunza mengi wiki hii.

Nikaona ni busara nikijaribu kwanza. Nilikichovya kwenye supu yangu ya jioni. Kikasoma themanini na moja, kikapiga kelele. Nikaionja supu. Baridi tamu, kabisa. Nimesema kwa sauti ndogo, mlango umefungwa. Kwa hiyo kifaa kina hitilafu kidogo, au kimeshtuka kwa baridi ya dukani. Vitu vya plastiki huwa hivyo. Nimekikausha, nikakizungushia taulo, nikakilaza pale penye moto chini ya blanketi, kipate joto mpaka asubuhi. Kitaanza kazi kikiwa na akili yake.

Nilipokuwa napanga nguo nimekuta konzi ya shayiri imebaki ndani ya soksi.

Chupa ya chai ya Guk si ya kioo. Ni jambo ambalo sikuwahi kuliangalia vizuri.

Nalala, ni saa tatu na nusu.